Punje ya Mama Mkwe

Lesilwa alikuwa na matumbo ya watu karibu mia tatu sikioni mwake, na tumbo la mama mkwe wake halikuwamo.

Tuanze na hayo matumbo, maana asiyeyajua ataniona naropoka. Miaka hiyo jua la bonde la Chinyambwa lilikuwa limeshakuwa jua jingine. Zabibu zilikuwa zikivunwa chini ya nyavu nyeusi, na hakuna aliyeruhusiwa kushika mkasi kabla hajameza punje. Ulifika getini alfajiri, ukapewa kitu kidogo mfano wa mbegu ya tikiti, ukakimeza kwa funda la maji, kikakaa tumboni siku kadhaa kikipima joto la ndani, lile ambalo kiganja juu ya paji la uso hakilijui. Kikishapima kinasema. Kinasema na sikio, kidude alichovaa tabibu wa joto wa shamba nyuma ya sikio lake alilopewa na Mungu. Mtu akifika thelathini na tisa, sikio lilimnong'oneza tabibu: "Fulani, mstari wa saba, kivuli." Akifika arobaini halikunong'ona tena. Lilipiga kelele, "Maji! Maji!" mpaka tabibu aitike.

Na watu waliacha kufa kwenye mizabibu, hilo hakuna anayelikataa. Lakini sikio halina adabu. Halichagui la kusema. Lesilwa alijua nani kaja kazini na homa akaificha ili asirudishwe, na nani ana mimba kabla mumewe hajaambiwa. Alikuwa amekula kiapo cha kunyamaza na alikuwa akinyamaza kweli, mtu wa watu, mkimya, nguo zake zimepigwa pasi hata shambani. Kila mwanzo wa msimu alipanda juu ya kreti akawafundisha wavunaji, na maneno yake walikuwa wanayajua kwa moyo kuliko zaburi.

"Ukibanwa na misuli, ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu, jasho linakumwagika, huo ni uchovu wa joto. Kaa kivulini, kunywa maji yenye chumvi kidogo, pumzika. Lakini mwenzako akianza kuyumba na kusema yasiyo na kichwa wala miguu, msimcheke. Hicho ni kiharusi cha joto. Akili hutangulia kuungua. Na msidanganyike eti bado anatoka jasho. Mshikeni mkono, mmwagieni maji, niiteni mimi."

Wakapiga makofi. Naye akashuka kwenye kreti akijiona mtu.

Sasa, mama mkwe. Mama Mbeleje aliipanda mistari miwili ya kwanza ya shamba lile na marehemu mumewe, kabla ya ushirika, kabla ya nyavu. Mwaka huo akasema atavuna mwenyewe, magoti yamuume yasimuume. Mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, mwanamke mrefu mwenye neno moja. Na kwa desturi ya kwao, mkwe hakai kiti alichokalia mama mkwe, hamtaji jina, naye hatajwi. Wakikutana njiani, mwanamume anatoka njiani na kugeuza uso, na salamu inarushwa kwa mbali: "Mbukwa, mama." "Mbukwa, baba." Basi. Dunia ilikuwa imebadilisha hewa yake, lakini mkwe alikuwa bado mkwe.

Asubuhi ya kwanza sikio likamwambia: "Mbeleje, mstari wa pili, thelathini na saba nukta nne."

Loo! Lesilwa aliruka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha. Jina la mama mkwe wake, na joto la tumbo lake, ndani ya sikio lake! Akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. Kisha akapeleka kidole nyuma ya sikio, akabonyeza, akamziba, sikio lisimtaje tena. Kanuni ilikataza kumziba mtu yeyote, lakini kitufe kilikuwepo. Akajiambia kwamba jioni atamwomba tabibu wa shamba la chini amchukue mama yule upande wake. Tatizo ni kwamba kuomba kulitaka kueleza, na kueleza kulitaka kulitamka tumbo la mama mkwe mbele ya mtu. Akasema kesho. Na kesho ikazaa kesho.

*

Siku yenyewe jua liliwahi. Hata upepo ukikupitia ulikuwa kama umetoka kwenye tanuri la mikate. Lesilwa alikuwa akikagua mapipa ya maji pamoja na Chidawali, msimamizi wa shamba, mtu mnene wa mizaha ambaye akikosa wa kumtania hutania kivuli chake. Sikio lilikuwa limeshawatoa watu kadhaa mizabibuni, wakawa wamejilaza bandani na vitambaa vibichi shingoni, wazima. Lesilwa alikuwa na haki ya kuridhika.

Ndipo Mama Mbeleje akatokeza mwisho wa mstari wa pili.

Alikuwa anakuja katikati ya njia. Khanga ya kiunoni imelegea, pembe moja inaburuta vumbini, na kilemba kimeondoka, nywele nyeupe zote nje. Anaimba. Si wimbo mzima, ni kile kipande kimoja cha sauti ya pili, anakirudia na kukirudia, na miguu inatafuta ardhi. Jasho linamtiririka mpaka blauzi imemganda mwilini.

Lesilwa akatoka njiani. Hakufikiri, mwili wenyewe ulijua pa kwenda. Akasimama kwenye majani, akageukia nguzo ya wavu, akaanza kuisoma ile nguzo kama ina maandishi.

"Lesilwa!"

Mama mkwe amemtaja jina, tena mbele ya watu.

"Lesilwa we! Mbuzi wangu umemficha wapi? Sema! Maji yamejaa na mbuzi hajavuka!"

Chidawali alibaki kinywa wazi. Wanawake wawili waliokuwa wakifunga makreti wakaziba midomo kwa khanga zao, mabega yakitikisika. Lesilwa alisikia aibu ikimpanda kutoka nyayoni, aibu nzito, ya kuvuliwa nguo mbele ya kadamnasi ingawa nguo iliyolegea haikuwa yake. Pale kwenye ghala la kukamulia kulikuwa na mapipa ya mvinyo mchanga, na kila mwaka hakosekani wa kuonja akapitiliza. Akalishika wazo hilo kwa mikono miwili.

"Amelewa," alisema akiiangalia nguzo. "Twende zetu, bwana. Huyu amelewa."

Nyuma yake ile sauti ya pili ikapita, ikasimama kidogo, ikaendelea.

*

Bandani akajimiminia maji, akanywa, akajimiminia mengine. Hasira ilikuwa inamtafuna. Atasema nini kwa mkewe? Sechelela alikuwa pale pale nyuma ya ghala, kwenye hodhi la kuoshea zabibu, hajui kitu. Mama yako kalewa mchana kweupe na kanitaja jina. Ataanzaje kulisema hilo?

"Lakini mvinyo gani?" aliuliza Chidawali ghafla. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anacheka. "Bwana tabibu, mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mama Sechelela yule? Kanisani akipewa kikombe analowesha mdomo tu. Zabibu ikichacha anaitema. Mvinyo gani alewe?"

Glasi ikabaki hewani.

Akili hutangulia kuungua. Msimcheke. Mshikeni mkono. Hayo hakuyasikia kwa mtu, aliyasikia kwa sauti yake mwenyewe, ile ya juu ya kreti. Akapeleka mkono nyuma ya sikio. Akatafuta kitufe, akakikosa, akakipata, akabonyeza.

"Maji! Maji! Mbeleje, arobaini na moja nukta tano. Tabibu hajajibu. Maji! Tabibu hajajibu. Tabibu hajajibu."

Alitupa glasi akakimbia.

Alimkuta mstari wa nne, si mbali na pale aliposimama akisoma nguzo. Ameanguka kifudifudi, mashavu yamejaa vumbi, mkono umekumbatia mguu wa mzabibu. Ngozi yake ilikuwa inaunguza kama sufuria. Lesilwa akamwita. "Mama!" Hakuitika. Akambeba. Mwanamume aliyekuwa hawezi kukalia kiti cha mama mkwe wake alimpakata kifuani kama mtoto akaenda naye mbio, Chidawali anahema nyuma yake anapiga ukelele watu wapishe.

Hodhi la kuoshea zabibu lilikuwa limejaa maji. Sechelela aliwaona wakija, na kreti likamponyoka mikononi.

"Mama yangu! Amefanyaje mama yangu?"

"Joto. Leteni barafu yote ya chumba cha baridi. Mvueni, mwacheni na nguo ya ndani tu. Upesi!"

Hapo ndipo kazi ikakwama. Wanawake walikuwa wamezunguka, na mikono yao ilikuwa imefika kwenye vifungo vya blauzi, lakini vifungo havifunguki. Wote walikuwa wanamwangalia yeye. Mama Chilangazi wa kwaya, mwenye sauti kubwa, akatandaza khanga mbele yake kama pazia.

"Baba, huyu ni mkwe wako! Toka. Simama kule nyuma ya ukuta, utuelekeze, sisi tutafanya."

Na haikuwa rai mbaya. Ilikuwa heshima, ile ile aliyolelewa nayo. Angeweza kusimama nyuma ya ukuta akapaza sauti, na wao wangemsikia nusu, wangekosea nusu. Kichwa kingezama majini. Mwili wake wote ulikuwa unamvuta kwenda ukutani. Shingo ilishaanza kugeuka. Lakini uso wake ulikuwa umekwisha kugeuka mara moja siku ile.

"Sitoki," alisema.

"Mwacheni!" Sechelela alipiga kelele na machozi yanamwagika. "Mficha uchi hazai! Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mama yangu hajawa maiti! Mvueni!"

Blauzi ikachanwa. Wakamteremsha hodhini mpaka mabegani, Lesilwa naye ndani ya maji na nguo zake za pasi, kiganja kimeshika kisogo cha mama mkwe, uso wa mama yule juu ya mkono wake. Barafu ikamwagwa kwa ndoo. Akawaambia wayakoroge maji, yasitulie, maana maji yaliyotulia hujitia joto kando ya mwili na kuwa blanketi.

Mmoja akaleta kikombe. "Anyweshwe kidogo."

"Usimpe! Amezimia, yatakwenda mapafuni."

Mwingine akaleta vidonge vya homa.

"Weka hivyo. Hii si homa. Kwenye homa mwili umeamua wenyewe kupanda. Hapa umepandishwa na umeshindwa kushuka. Dawa yake ndiyo hii tuliyokalia."

"Gari limefika, tumpeleke hospitali!" alisema Chidawali.

"Apoe kwanza ndipo aende. Tukimpeleka na moto huu ataungua njiani."

Sikio lilikuwa linahesabu. Arobaini na moja. Barafu inagongana. Arobaini nukta sita. Uso wa Mama Mbeleje ulikuwa umekunjamana kama mtu anayetafuta neno. Lesilwa aliutazama. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuutazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na pua ni ile ile ya Sechelela. Thelathini na tisa nukta tatu. Akaanza kutetemeka, akakohoa, akanung'unika kitu. Hesabu iliposhuka chini ya thelathini na tisa akawaambia wamtoe, wamfunike shuka kavu, gari liondoke.

Wanawake wakapiga vigelegele. Lesilwa alibaki hodhini, zabibu chache zinaelea karibu yake, akashindwa kuinua uso.

*

Sifa ni mzigo mbaya kwa mtu asiyezistahili. Popote Lesilwa alipopita aliitwa mkombozi. Kamtoa mkwe wake kaburini, walisema, kavunja mwiko kwa ajili ya uhai, huyo ndiye mwanamume. Mchungaji alimtaja kanisani. Sechelela alimpikia kuku, akaketi akimtazama anavyolitafuna tonge la kwanza bila kulimeza.

"Umenirudishia mama yangu," alimwambia.

"Seche, mimi..."

"Nini?"

"Nimechoka."

Hata Chidawali alimwonea huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko tusi. Kila mahali alisimulia habari ile kwa mbwembwe, mbio, barafu, gari, lakini akifika kwenye njia na nguzo alikuwa anaruka, halafu anamkonyezea Lesilwa jicho. "Lile tumeliacha shambani, bwana." Lesilwa alitamani amzabe kibao, kisha alitamani azabwe yeye.

Mama Mbeleje alirudi kutoka hospitali baada ya kitambo. Figo zilizoguswa na joto lile zilikuwa zimepona. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo, na majina ya watu yalikuwa yanamponyoka. Daktari alisema mengine yatarudi na mengine hayatarudi. Kwaya ilimwekea kiti mbele, maana kusimama wimbo mzima hakuwezi tena.

Na jambo la kwanza alilofanya ni kutuma mbuzi.

Sechelela alimleta mwenyewe, beberu mweupe mwenye masikio marefu, akamfunga uani. "Mama anaomba radhi," alisema. "Anasema wamemweleza kwamba alikutaja jina hadharani, na kwamba ulimwona alivyokuwa. Huyu ni wa kuondoa haya."

Lesilwa alimtazama mbuzi. Mbuzi alimtazama Lesilwa, akatafuna. Mama yule aliyeachwa aungue alikuwa ametumia nguvu zake zilizobaki kumtaka radhi aliyemwacha! Aibu aliyoisikia njiani siku ile ilikuwa mchezo mbele ya hii. Alifungua kamba bila kumwambia mkewe neno, akamkokota mbuzi kuelekea kwa mama mkwe.

*

Alimkuta ameketi ndani, karibu na mlango. Lesilwa akasimama nje, kando ya ukuta, kama ilivyopasa.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, baba." Sauti ilikuwa imekonda. "Mbuzi hakukupendeza?"

"Ni mzuri. Simstahili."

"Nilivunja mwiko, nalipa. Wewe mpokee tu."

"Mama." Kamba ilikuwa imemkata kiganja kwa jinsi alivyoikaza. "Siku ile, kabla hujaanguka, nilikuona njiani."

Mbuzi akanyofoa jani la mchicha.

"Najua uliniona," alisema Mama Mbeleje. "Nilikuita."

"Mimi ndiye tabibu. Ningekushika mkono ungeingia kivulini kwa miguu yako. Nikageuka nikaangalia nguzo."

"Ukasema nimelewa."

Lesilwa alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ulisikia?"

"Hodhi silikumbuki. Gari silikumbuki. Mungu amenifichia uchi wangu wote, ahimidiwe. Neno hilo moja tu ndilo kaniachia." Akavuta pumzi. "Nimelala nalo hospitali. Nikasema, labda nimeliota. Mkwe wangu ni mtu mstaarabu. Nikatuma mbuzi, nikasema, kama niliota, atamchinja."

Basi alijua. Mbuzi wa watu alikuwa ombi la radhi na alikuwa swali. Lesilwa aliegemea ukuta, na kwa kuwa lililobaki lilikuwa baya zaidi, akalisema kabla halijamkwama tena.

"Na punje yako ilikuwa inapiga kelele, mama. Sikuisikia kwa sababu nilikuziba tangu asubuhi ya kwanza. Kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

Alifungua mdomo kusema yako. Haikutoka.

"Yangu," alisema. "Niliona haya mimi."

Ndani kiti kililalamika. Mama Mbeleje alikuwa anainuka, polepole, mkono wake unatafuta mwimo wa mlango. Akatoka nje. Lesilwa, kwa mazoea, akageuza uso kuelekea ukutani.

"Niangalie," alisema mama mkwe.

Akamwangalia. Kovu juu ya nyusi lilikuwa pale pale.

"Mbuzi huyu rudi naye. Ni wa jina nililokutaja na wa maji uliyonitia, na hayo mawili nimeyalipa, yamekwisha. Wa kuniita mlevi utamleta wewe. Mchana, kwa njia ya kanisani, si vichochoroni. Na mtu akikuuliza mbuzi ni wa nini, umjibu. Usimruke mtu." Mikono ilikuwa inamtetemeka, akaifunga ndani ya khanga. "Na msimu ujao nitameza punje. Unisikie."

"Nitakusikia, mama."

Jumapili, ibada ilipotoka, Lesilwa alishika njia ya kanisani na beberu mweusi aliyemlea mwenyewe. Sechelela alikuwa ameshaambiwa. Alibaki nyumbani, na chakula cha siku hiyo hakukipika. Watu walikuwa wamejaa ngazini na vitabu vyao vya nyimbo. Mama Chilangazi ndiye aliyemwona kwanza, akaacha kundi lake akaja mikono imetandazwa na uso umemchanua.

"Eh, mkombozi wetu! Mbuzi wa nini huyo?"

Wengine wakageuka kusikiliza. Lesilwa alisimama katikati ya njia. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na nguzo ya umeme, na macho yake yalishaanza kuitafuta, akayarudisha.

"Ni wa mama mkwe wangu," alisema, kwa ile sauti ya juu ya kreti, wote wasikie. "Nilimwona kabla hajaanguka. Nikasema amelewa, nikageuza uso."